Kofia Tatu za Shangazi

Mtaani walimwita Mama Kofia, ingawa hakuwa na mtoto wala mpango wa kupata. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta, nyumbani, kwa wateja watatu: shule, zahanati na duka la vipuri. Wa kulaumiwa kwa jina hilo ni shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo na ambaye sasa, kwa sababu ya goti, alishinda sebuleni akifuma sufu na kutia neno katika kila jambo.

"Hao wateja wako hawagongani humo ndani?" Shangazi alimuuliza siku moja.

Akamweleza. Kila mteja ana chumba chake ndani ya kompyuta, na mlango wake, na nenosiri lake. Faili za shule hazijui hata kama zahanati ipo. Kuta nazo, yaani kioo chote akiwa humo, amezipa rangi: bluu kwa shule, kijani kwa zahanati, nyekundu kwa duka.

"Vyumba vitatu, na kichwa ni kimoja, tena kitupu," Shangazi akasema. Wiki hiyo hiyo akafuma kofia tatu za rangi hizo. "Ukiingia kwa mtu, vaa ya kwake. Na mimi nijue leo nani kaninyang'anya mtoto."

Alizivaa ili kumridhisha tu. Joto lilikuwa halisemeki, na zile kofia zilimkaa kama sufuria. Lakini utani ukageuka mazoea, mpaka akawa anajisahau na kwenda nazo dukani.

Asubuhi moja, mezani pake sebuleni, alikuwa katika chumba cha shule, kofia ya bluu kichwani, anataka kufuta wanafunzi wa uongo aliowaingiza kwa majaribio; wa kweli walikuwa hawajaingizwa bado. Kabla hajafuta, muuguzi wa zahanati akapiga simu: orodha ya wagonjwa haifunguki na watu wamejaa barazani. Akakimbilia chumba cha zahanati bila kukumbuka kofia, akarekebisha, muuguzi akashukuru. Akashusha pumzi, akarudi kwenye kazi ya shule. Yaani, alidhani amerudi. Akaandika amri ya kufuta majina yote, kidole kikaenda kwenye kitufe.

"We mtoto," Shangazi akasema kutoka kwenye kochi, wala sindano zake hazikusimama. "Kichwa bluu, kioo kijani. Leo unamfanyia nani kazi?"

Akatazama. Kijani kweli. Nakala ya akiba ya zahanati ilikuwa ya wiki iliyopita; wagonjwa wote walioandikishwa tangu hapo wangepotea, na yeye angemwambia nini yule muuguzi? Akaifuta ile amri herufi moja moja.

Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya kochi, akamkumbatia Shangazi mpaka sufu ikabingirika chini ya meza.

"Asante, Shangazi. Umeniokoa, jamani."

"Nimekuokoa nini? Mimi nilitaka tu kujua nani kaninyang'anya mtoto."

Jioni alitoka, akarudi na sufu ya manjano. "Nifumie ya nne."

"Umepata mteja mpya?"

"Wa zamani kuliko wote. Ni wewe. Ukiniona nimeivaa, ujue vyumba vya watu wote nimevifunga."

Shangazi aliigeuzageuza ile sufu mikononi. Halafu akachukua sindano zake.

"Basi anza kufunga sasa hivi," akasema. "Kofia itakukuta."