Pini Kwenye Tarehe Mbili Novemba

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipata mahali popote, huja na mwenzake: harufu ya magwinya, yale maandazi manene ya Johannesburg, yakikaangwa nje ya mlango wetu. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo hapa Yeoville, katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Magwinya yalikuwa ya Mama Zodwa, Mzulu mnene mwenye sauti nzito, aliyeweka jiko lake kando ya dirisha letu tangu nikiwa sijaanza shule. Alinipa moja la bure karibu kila asubuhi. Mama aliniruhusu kula, ila alilipasua kwanza katikati na kulichungulia ndani.

Ukutani tulikuwa na kalenda, na kila siku ya mechi kubwa mama aliichoma pini yenye kichwa chekundu. Asiyemjua angedhani ni mpenzi wa michezo. Wapi! Pini ilikuwa na maana moja tu: siku hiyo watu watakunywa, watajaa barabarani, na washinde au washindwe, duka la mgeni lisikutwe wazi. Hata siku yetu wenyewe ilichomwa pini. Tarehe nane Novemba 2015, klabu ya Lubumbashi, kwao mama, ilipochukua ubingwa wa Afrika, tulishangilia madirisha yakiwa yamefungwa, mimi na yeye, tukipunga vipande vya kitenge bila kutoa sauti. Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani kila mtu hushangilia hivyo.

Septemba 2019 watu walivunja maduka ya wageni, na letu halikusalimika. Walichukua cherehani moja. Ya pili ilipona kwa sababu ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. "Na hii nayo ikienda, tunarudi Lubumbashi mikono mitupu," mama alisema, na hakuwa akitania. Alisema pia kwamba siku ile alimwona Mama Zodwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, akitazama. Hakubeba kitu. Lakini alitazama, na kwa mama hilo lilitosha. Tangu hapo walisalimiana kwa meno tu.

Basi ikakaribia fainali ya Kombe la Dunia la raga, Jumamosi tarehe mbili Novemba, Afrika Kusini na Uingereza. Pini ilikuwa imeshakaa mahali pake. Siku mbili kabla, Mama Zodwa akaingiza kichwa mlangoni na kuuliza kama Jumamosi tutafungua. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, maana Kizulu changu kilikuwa kimekizidi cha mama kwa mbali. "Mwambie tutafungua," mama akasema, akitabasamu. Yule alipoondoka, tabasamu likaondoka naye. "Kwa nini aulize? Mtu haulizi hivihivi utakuwepo lini."

Mpango wake ulikuwa kuondoka wakati mechi inaendelea, watu wote wakiwa mbele ya televisheni. Angekifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akifunge mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, tukitembeze mpaka chumbani tulikopanga, mtaa wa tatu. Nani atamsumbua mama mwenye kichanga? Mechi ilianza saa tano asubuhi, na mambo yangekwenda vizuri kama skrubu moja isingeng'ang'ania. Mama aliivuta, akaipaka mafuta, akailaani kwa Kifaransa. Tulipotoka, kipenga cha mwisho kilikuwa kimelia. Afrika Kusini imeshinda, nahodha mweusi anainua kombe lile kwa mara ya kwanza, na Yeoville nzima iko barabarani na jezi za kijani.

Niliogopa. Watu walicheka, walitukumbatia, mmoja akanivisha kofia yake. Furaha ile ilikuwa ya kweli, lakini nyuso nyingine nilizikumbuka tangu Septemba. Kwenye roboti, pale taa zinapoongoza magari, msichana mmoja akamshika mama bega. "Eish, mtoto analala na kelele zote hizi? Hebu nimwone, amezaliwa mwaka wa kombe." Mkono wake ukaenda kwenye kitenge. Mama akarudi nyuma, wengine wakageuka kutazama.

Hapo nikamwona Mama Zodwa akipenya katikati yao, na nikajua tumekwisha. Umati mzima ungeweza kudanganyika, yeye hapana. Alijua vizuri kwamba mama hana mtoto mchanga. Akaweka kiganja juu ya kitenge. Nikaona vidole vyake vikipapasa chuma, vikisimama. Akamtazama mama usoni. Kisha akavuta kitenge juu, akakikaza. "Mwacheni," akawaambia. "Ana homa huyu. Mnataka kumwambukiza nini tena?" Akatembea nyuma yetu, mkono mmoja chini ya mzigo, maana ulikuwa umeanza kuteleza.

Kwenye kona ya mwisho mama alisimama, akanyoosha kidole kwenye jengo ambalo si letu. "Mwambie tumefika." Nikamwambia. Tukaingia kwenye ukumbi wa watu tusiowajua, tukakaa pale mpaka alipotokomea. Mama akakaza fundo la kitenge. "Alitaka kujua tunapokaa," alisema. Nilitaka kumpinga.

Siku hizi mimi ndiye nashona kwa cherehani ileile, na mama huja Jumamosi kukosoa mishono yangu. Kila mwaka, tarehe mbili Novemba, wenzangu husimuliana walikuwa wapi siku ile, nami huchekacheka tu. Kalenda ipo, pini zipo, na siku ya mechi kubwa bado nakifungua kile kichwa na kwenda nacho nyumbani. Mama Zodwa, ambaye sasa anakaanga akiwa ameketi, huniona nikipita na kuuliza, "Mtoto analala wapi leo?" Namjibu, "Kwetu." Miaka yote hii hajawahi kuuliza kwetu ni wapi. Mama anasema hiyo ndiyo sababu ya kumwogopa. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu ya kumwambia, na bado sijamwambia.