Nywele Alizokataa Kunyoa

Niliporudi Bugene kutoka kubeba mizigo ya vita, nilimkuta uani kwangu mwanamke mwenye mvi akipepeta maharage, mgongo umenielekea. Nikadhani mama mkwe amekuja kukaa na binti yake. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.”

Akageuka, akaweka ungo chini.

“Marahaba, mwanangu,” akasema mke wangu.

Kisha akalia. Nami pia, ila mimi nilisema ni pumba za maharage.

Nilimwacha akiwa hana unywele hata mmoja mweupe. Yaliyompata alinisimulia mama yake, naye kweli alikuwapo, ndani jikoni. Kila kundi la wapagazi lilipopita, binti yake alisimama njiani akawahesabu, kisha akawahesabu tena, kama alivyoniona nikifanya na ngozi ninazonunua dukani kwangu. Mara zote nilipungua mimi. Hakulala, chakula alikionja tu, na mvi zikaanza kwenye paji zikapanda. Mpagazi mmoja akaleta habari kuwa aliniacha porini na homa, sina hata nguvu ya kubishana bei. Kwa wanaonijua, hiyo ilikuwa taarifa ya msiba.

Ndugu zake wakaja na wembe, maana mjane hunyolewa. Akawakatalia. Alisema akinyoa atakuwa amenizika, na yeye hajaona kaburi. Mvi zikaendelea kuota hapo hapo, kila mtu akiziona.

Asubuhi baada ya kurudi kwangu nikamkuta dukani ameushika wembe ule ule.

“Sasa umerudi, nanyoa,” akasema. “Labda zitaota nyeusi. Hivi nilivyo, wateja watasema umeoa mama yako.”

Nilitaka kumwambia mengi, ila ulimi wangu umezoea dukani. Nikamwambia asinyoe, nazinunua. Ataje bei.

Akatazama juu ya rafu, kwenye doti ya kanga nyekundu ambayo tangu niilete hakuna aliyefikia bei yake. Akainyooshea kidole.

“Ghali,” nikasema. “Chukua nusu.”

“Nusu ya kanga? Basi nanyoa nusu ya nywele.”

Nikaishusha. Akajitanda mabegani, akampa mama yake, aliyekuwa mlangoni, ule wembe.

Mama mkwe, akitafuna mbegu zake za kahawa taratibu, akaniambia nimepunjwa.

Nikakitazama kile kichwa cheupe, nikapiga hesabu yangu upya, kama kawaida. Sikuwa nimepunjwa.