Maji ya Lori na Miguu ya Bibi

Juzi basi letu lilisimama Mafinga likichemka. Dereva akafungua boneti, mvuke ukaruka, na harufu ya kutu na maji moto ikanifikia dirishani. Nimehama miji mingi, ndugu msomaji, mingine hata sikumaliza kufungua mizigo. Lakini harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye uwanja wetu wa miaka ya sabini, hapo hapo Mafinga, mbele ya lori kuukuu lililokuwa likipoteza maji bila mtu kujua yanakokwenda.

Lori halikuwa letu. Baba alikuwa dereva tu, akibeba mbao za misonobari kutoka Sao Hill kwenda Mbeya. Likilala nyumbani lilichukua nusu ya uwanja, likanuka utomvu na dizeli, na kuku walitaga kivulini mwake. Baridi ya kwetu unaijua. Kama huijui, asubuhi za Juni nyasi huwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Maji yakiganda ndani ya injini huipasua. Kwa hiyo madereva wa kwetu walikuwa na desturi: jioni hufungua koki ya chini ya rejeta na kuyatoa maji yote, asubuhi wakajaza mapya. Baba hakupenda maji moto yamwagike bure. Aliniagiza nikinge ndoo moja nimpelekee bibi, mama yake, aloweke miguu. Miguu ile ilivimba kwa baridi, na kuni zetu mbichi zilitoa moshi kuliko moto.

Baridi ikaisha. Baba akaacha kufungua koki. Mimi sikuacha.

Sikuona kosa. Hakuna aliyeniambia imetosha, na saa kumi na moja jioni bibi alikuwa ameshatoa beseni lake, akiuliza, "Mjukuu wangu, gari limekuja?" Baba akishuka alikwenda kwanza kwenye kiwanda cha mbao kupeleka karatasi za mzigo. Mimi nikaingia chini ya lori na ndoo yangu ndogo.

Alfajiri moja baba aliondoka bila kutazama rejeta, kwa kuwa alikuwa ameijaza jana yake. Lori likachemka kabla ya Makambako. Tangu hapo akawa anapima kila asubuhi, na asubuhi nyingi maji yamepungua. Akabadilisha mipira. Akabadilisha kifuniko. Mwishowe akamwaga majivu chini ya injini yote, ili tone likidondoka lionekane. Majivu yakabaki makavu. Hapo ndipo nilipoelewa, nimechuchumaa pembeni mwa majivu yale, ndoo mkononi.

Wewe ungesema. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mkono wa baba nilikuwa naujua. Nilijaribu kuacha. Bibi akakaa na beseni kavu mpaka jua likazama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimekukosea nini?" Asubuhi yake maji hayakuwa yamepungua, baba akanyoa ndevu akiimba. Jioni nikakinga tena, na nyimbo zikaisha.

Mwenye lori akaja. Aligonga boneti kwa fimbo yake.

"Jumamosi injini inafunguliwa. Nikikuta silinda hedi imepasuka, wewe ndiye uliyeichemsha. Ufunguo utanipa hapo hapo."

Baba hakugusa ugali siku ile. Watu wakasema lori limetupiwa kitu. Yeye akaanza kumtazama jirani yetu, mgema wa ulanzi, waliyegombania naye mpaka wa shamba. "Ni yule," alimwambia mama. "Anaingia nikiwa sipo." Akawa ananoa panga ambalo halikuwa butu.

Kabla ya Jumamosi alishusha lori Ipogolo kwa fundi wake. Fundi alikaa nalo siku mbili. Alilamba oili kwenye kijiti cha kupimia, akatema: haina maji. Alinusa moshi wa ekzosti: msafi. Ijumaa wakapanda pamoja hadi kwetu, wakaingia ndani kunywa chai. Siku zote hizo bibi alikuwa halali kwa maumivu. Alipoita, nikaapa moyoni kwamba ni mara ya mwisho, nikaenda kukinga.

Walipotoka, fundi alisimama mbele ya lori.

"Bwana dereva, likilala Mbeya linapungua?"

"Hapana."

"Na kwangu?"

"Hata kikombe."

"Basi gari zima hili. Linaumwa likifika kwako tu."

Baba akageukia ua wa jirani. Akaingia ndani, akatoka na panga. Jirani alikuwa pale ng'ambo, akifunga vibuyu vyake, akipiga mluzi. Nilitaka kusema, nikaishia kukumbatia ndoo yangu tupu.

"Subiri kwanza," fundi akasema. Alikuwa amemwendea bibi mlangoni kumsalimu. "Kamwene, bibi." Kisha akachuchumaa. Maji ya beseni yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, na vifundo vya miguu ya bibi vilizungukwa na mstari wa kutu. Akachovya kidole, akanusa.

"Bibi, maji haya ya kisima gani?"

"Kisima?" Bibi akacheka. "Ni maji yangu ya gari. Mwanangu huyu ndiye aliyeagiza niletewe kila jioni. Mungu amzidishie."

Panga likashuka taratibu.

"Dereva!" jirani akapaza sauti. "Unakata nini leo?"

"Nyasi," baba akajibu.

Akanitazama. Nikafumba macho nikisubiri kofi. "Nilikuagiza mwezi wa sita," alisema. "Sikukuambia uache." Basi. Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye majivu.

Jumamosi injini haikufunguliwa, na ufunguo ulibaki msumarini kwetu. Tangu siku hiyo baba alimkingia bibi mwenyewe, kisha akajaza rejeta mpaka shingoni kabla ya kwenda kiwandani.

Bibi hayupo, na baba pia. Lori liliuzwa chuma chakavu. Uwanja umejengwa duka la mabati. Juzi dereva wa basi aliposubiri injini ipoe kidogo, akafungua koki kumwaga maji yale mekundu, nikajikuta nimesimama mbele yake na chupa yangu tupu ya chai.

"Mama, haya hayanyweki."

"Najua, baba. Nijazie."

Nilipoifungua Mbeya jioni, maji yalikuwa bado moto, na sikuwa na wa kumpelekea.