Maharage Hayana Kumbukumbu

Wanafunzi wake wa baiolojia walimwita Mwalimu Seli, naye hakuchukia. Kila mwaka, somo la urithi lilipofika, aliingia darasani na mifuko miwili ya kitambaa aliyoshonewa na mkewe, fundi cherehani. Mmoja baba, mwingine mama. Ndani yake maharage mekundu na meupe, nusu kwa nusu. Mwanafunzi hutoa moja huku, moja kule, huyo ndiye mtoto; meupe mawili, mtoto mgonjwa. Kisha huyarudisha, mwenzake naye atumbukize mkono.

"Mwalimu, meupe mawili yameshatoka! Hayawezi kutoka tena!" Hakosekani mmoja wa kupayuka.

"Kwani maharage yana kumbukumbu, bwana mdogo? Yanakuonea haya?"

Darasa zima huangua kicheko.

Nyumbani mzaha huo haukuwa na nafasi. Binti yao alizaliwa na selimundu, na Mwalimu aliujua ugonjwa huo nje ndani. Katika mnyororo mrefu wa protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kipande kimoja tu kimebadilika. Oksijeni ikipungua, protini hizo hung'ang'aniana, chembe ya duara hupinda kama mundu, ikakwama kwenye mishipa myembamba. Kosa dogo hivyo, lisiloonekana kwa jicho, na mtoto analia akiomba miguu yake ikatwe.

Mkewe alipojua ana mimba tena, alisimamisha cherehani.

"Baba watoto, si ulisema mmoja kati ya wanne? Wetu tumeshampata. Huyu atakuwa salama, au vipi?"

Jibu alikuwa nalo. Alilitoa kila mwaka, kwa utani. Lakini uso wa mkewe ulikuwa umenawiri kama wa bibi harusi, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kujua.

"Atakuwa salama, mke wangu."

Tumbo lilivyozidi kukua, naye akaanza kuamini. Tamaa ya mzazi haijasoma shule yoyote.

Alizaliwa mtoto wa kiume. Hospitalini walimchoma kisigino, tone la damu likapelekwa maabara. Siku ya majibu, muuguzi aliufunga mlango kwanza, taratibu, ndipo akageuka kuwatazama. Mengine hawakuhitaji kuambiwa.

"Ulisema," mkewe alinong'ona kwenye korido, mtoto kifuani. "Wewe ndiye mwenye kuyajua haya. Ulisema."

"Nilisema."

Wakarudi nyumbani.

Binti aliwangoja kitandani, sweta limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Ana damu kama yangu?"

Mama akageukia ukuta. Mwalimu aliyezoea kueleza akaitikia kwa kichwa tu.

Binti akasogea upande, akapigapiga godoro.

"Mlaze hapa. Na mama, usimwogeshe kwa maji ya baridi, eti. Mifupa hukasirika."

Akavuta blanketi, akaanza kumfunika mdogo wake, miguu kwanza.