Nati Ishirini za Landrova ya Sheikh Khalfan

Sisi tuliokulia Maskati zile siku ambazo motokari zilihesabika kwa vidole, tulilijua kila gari kwa mlio wake. Tukiwa tunacheza mdako kivulini, tukisikia injini tu, vijiwe tunavitupa chini na mbio hadi njiani. Nikiwahadithia wajukuu zangu hucheka. Wao wana gari tatu uani na hawajui hata moja inalia vipi.

Tulikuwa tumefika kutoka Unguja na masanduku mawili na cherehani ya mama. Tulikaa chumba kimoja katika nyumba ya jamaa. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuokoteza, watoto wa mtaani wakituiga tunavyosema, na matusi ndiyo tuliyoyashika mwanzo. Nazi ilikuwa adimu. Mama alipika samaki kwa ndimu na bizari, na baba alikula huku akituelezea mchuzi ule ungekuwaje lau ungetiwa tui.

Baba alikuwa fundi wa magari, lakini Maskati hapana aliyemjua. Na alikuwa na jambo moja moyoni. Mama yake, Bibi Zuwena, ambaye mimi nimepewa jina lake, alirudi Oman zamani na akakaa Samail, bara, mbali na Maskati. Sasa alikuwa mtu mzima sana, macho yamefifia, safari ya punda haiwezi. Baba hakumtia machoni tangu ujana wake, na alitaka kumleta aishi nasi.

Jirani yetu, Sheikh Khalfan, alikuwa na Landrova iliyokaa karibu na bahari mpaka kutu ikaila.

"Injini nzima," alimwambia baba. "Lakini magurudumu hayafunguki na breki zimeganda. Mafundi wawili wameshindwa. Ukiitembeza, nenda nayo Samail kwanza, kisha ndiyo niitie kazini."

Siku ya kwanza baba aliingia kwa nguvu. Alipachika bomba la chuma kwenye mpini wa spana, akaliegemea kwa uzito wake wote. Nati haikugeuka. Bolti ikakatika.

Akalitupa bomba, akakaa mchangani. Sikuwahi kumwona vile. Mama akatoka na kata ya maji, akamngoja anywe.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Unguja ulikuwa ukifanyaje?"

"Unguja nlikuwa na wakati, Mama Zuwena. Mama yangu ana siku ngapi?"

"Na ukizikata zote, siku zake zitazidi?"

Baba akamrudishia kata. Lakini asubuhi yake hakugusa spana. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, akadondoshea kila nati mafuta ya taa, akaigonga kidogo kidogo kwa nyundo ili mafuta yapenye. Siku tatu hivyo hivyo. Mafuta yalikuwa ya taa yetu wenyewe, kwa hiyo tulikula kabla ya jua kuzama, tukalala mapema. Wapita njia walimuuliza kama anaikanda gari kwa uto kama mgonjwa. Aliwaitikia salamu, akaendelea.

Siku ya nne alipangusa mafuta yote, mama akaleta makaa katika kopo. Akawa anayapepea mbele ya nati mpaka chuma kikapata moto, kisha akasogea. Baba akaikaza kwanza, kidogo tu, ndipo akairudisha. Akaikaza tena, akairudisha. Nati ikalia, sauti nyembamba ya kukera meno. Mama akasogea tena karibu.

"Imetoka?" akauliza.

"Inakuja," alisema baba, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hata kufika alasiri zote kumi na tisa zilikuwa zimepangwa juu ya gunia. Mabakuli ya breki, yaliyo nyuma ya magurudumu, aliyagonga pande zote kwa nyundo ya mbao siku mbili nzima, mpaka yakaachia na kumwaga kutu nyekundu kama unga wa pilipili. Bolti iliyokatika aliing'oa kwa nyuma, akatia nyingine.

Aliondoka Alkhamisi baada ya sala ya alfajiri. Akarudi kesho yake, gari limejaa vumbi, na mbele amekaa bibi mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania, amejifunga shela nyeusi. Baba alimteremsha kama anayebeba chombo cha kioo. Bibi akampapasa uso, kisha akaishika mikono yake, iliyopasuka na kuingia weusi wa grisi, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni mikono ya marehemu baba yako," alisema. Baba akainamisha kichwa, akalia mbele yetu sote.

Wiki ile ile Sheikh Khalfan alimpa baba gari la pili alitazame. Bibi aliishi nasi miaka saba, akaiwahi barabara ya lami.

Leo wajukuu zangu wanaweza kwenda Samail na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na kwa kuwa wanaweza, hawendi. Sisi kila safari tuliihisi mwilini. Lakini Ijumaa iliyopita wawili wao walikwenda kweli, wakaniletea picha ndani ya simu: nyumba ya Bibi, ukuta mmoja umeanguka, na wao wamesimama mlangoni wanacheka. Mwezi ujao watanipeleka na mimi. Wameniambia nisijisumbue kubeba chakula, njia nzima ina mikahawa. Mimi nshaanza kuwauliza wanataka maandazi mangapi.