Kwenda Misigiri kwa Ajili ya Fizikia

Nilisafiri kwa sababu ya fomu moja. Rehema, binti wa kaka yangu Msengi, alikuwa anaingia kidato cha tatu, na kaka alikataa kumsainia fomu ya masomo ili achague fizikia. "Shule haina maabara," aliniambia kwa simu. "Atasoma nini?" Mimi ni mwanafizikia wa nadharia, nafundisha chuoni Dodoma. Niliona bora nikamjibu ana kwa ana.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Nzega. Karibu na Kintinku, mama niliyekaa naye aliniuliza karatasi zangu ni za nini. Nikamwambia natafuta jinsi joto linavyosafiri ndani ya nyota.

"Umewahi kufika huko?"

"Hapana, mama. Nakokotoa hapa, wenye darubini wanaangalia kama ni kweli."

"Na huwa ni kweli?"

"Mara nyingi."

Akacheka, akanigawia karanga.

Saa nane mchana nikashuka Misigiri. Nyumbani kwa kaka, alizeti ilikuwa imeanikwa uani. Rehema alinipokea begi. "Shikamoo, shangazi." Kaka naye nikamwamkia. Tulipomaliza kula ugali na mlenda, akauliza, "Huko idarani kwenu mko wanawake wangapi?"

"Wawili."

"Unaona sasa."

Sikubishana. Nilichukua karatasi nikamwandikia Rehema hesabu ya jiwe lililorushwa juu: litafika wapi kabla ya kurudi? Nikaanza kumwelekeza. Akanikatiza, kwa sauti ndogo.

"Samahani, shangazi. Hapa umejumlisha. Jiwe likipanda si linapunguza mwendo?"

Nikatazama. Nilipaswa kutoa. Nikakata ile alama ya kujumlisha.

"Umekosea kweli?" kaka akauliza.

"Nimekosea. Yeye ndiye yuko sahihi."

Kaka akamgeukia binti yake, akamwambia aeleze kwa Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani. Rehema akasimama, akaokota jiwe, akalirusha, akaeleza. Kaka akauliza swali, akajibiwa. Akauliza jingine, gumu zaidi, akajibiwa pia. Akapangusa mikono.

"Lete hiyo fomu."

Jumapili asubuhi nilirudi Dodoma. Njia nzima nilikumbuka maneno niliyokuwa nimeyaandaa, juu ya wanawake na sayansi, ambayo sikupata hata nafasi ya kuyasema. Nilikwenda kumsemea Rehema. Kumbe alihitaji tu mtu wa kumwachia nafasi ajisemee.