Mkeka wa Injinia

Juzi tulikimbia vita kutoka kisiwani Chula kuelekea Kiunga, ng'ambo ya mpaka, mashua ya injini imejaa jamaa zangu. Mimi, mwanafunzi wa uhandisi niliyerudi nyumbani baada ya chuo kufungwa, nilitandikiwa mkeka kando ya injini, mahali pa heshima pa msomi.

Injini ikazimika. Nikasimama, nikafuta plagi, nikavuta kamba, ikanguruma! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaketi kwa maringo na kuanza kuwaeleza kabureta ni kitu gani. Ikazimika tena. Nikasimama, nikafuta plagi ileile, ikawaka, nikaketi, ikafa. Moshi wa nyumba zetu ulikuwa bado waonekana nyuma, nami nakumbuka fomula. Chuoni nilifaulu mitihani yote ya injini, lakini injini yenyewe sikuwahi kuigusa.

Mama akachoka kunitazama.

"Mwanangu, kila ukikaa injini yafa. Hebu inuka, ufunue huo mkeka."

Nikaufunua. Chini yake ulipita mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini, umebanwa bapa na makalio yangu ya kisomi.

Mashua nzima ikaangua kicheko, wakianza wale waliokuwa wakilia tangu alfajiri. Tuliingia Kiunga sote salama, injini yaimba, injinia kasimama wima mpaka nchi kavu.